Kuchomelea bamba la milimita 12 kwa transfoma ya kienyeji: uchague njia gani

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye transfoma iliyosukwa hapa hapa Uganda, iwe Katwe (mtaa wa mafundi chuma, Kampala) au kwa jirani, anayetaka kuunda kitu cha kubeba mzigo: fremu ya presi, shingo ya trela, kitako cha mashine ya kusaga. Nauandika baada ya kumsaidia kijana mmoja hapa Busia aliyekuwa anaunda presi ya jeki ya tani 20. Mshono wake ulipendeza machoni, lakini nyundo ilipogonga ukabanduka wote kama gamba. Presi ikifunguka namna hiyo huku jeki imeshapakiwa, kipande cha chuma kinaruka, na fundi ndiye aliyesimama mbele yake.

Hatua ya 1: Chagua njia

Kuanzia milimita 8 kwenda juu, chomelea kwa rodi.

Gesi iache. Moto wake hutawanyika, bamba nene linanyonya joto, na kabla kiungo hakijayeyuka kazi nzima imeshapinda. Gesi ni ya kukata, kupasha, na kuunga vyuma vyembamba. Na kama inatoka kwenye pipa la kabaidi la kujitengenezea, nakusihi usiitumie. Asetilini ikisukumwa kupita baa 1 hivi inaweza kulipuka hata bila hewa, na ikikaa ndani ya bomba la shaba nyekundu hutengeneza kitu kinacholipuka kwa kugongwa tu.

Mashine ndogo ya waya (MIG) nayo inadanganya. Kwa waya wa milimita 0.8 na ampea zisizofika 200, chuma kilichoyeyuka kinalala juu ya bamba bila kuuma. Mshono unatoka laini, unang'aa, na hauna nguvu. Tena karakana zetu nyingi ziko wazi, upepo unaondoa gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka na hewa. Mwenye mashine kubwa ya fezi tatu ana hesabu yake nyingine.

Hatua ya 2: Pima volti kabla ya kununua rodi

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima, kwa hiyo tukae kidogo.

Washa mashine bila kuchomelea. Weka mita kwenye AC, kipimo cha 200. Ncha moja iguse koleo la rodi, nyingine iguse klipu ya ethi. Namba unayoiona ni volti tupu, yaani kabla moto haujawaka. Transfoma nyingi za kienyeji nilizopima zinatoa 45 hadi 55. Rodi ya 6013 (hiyo ni namba ya aina, imeandikwa kwenye pakiti) inawaka vizuri hapo. Rodi ya 7018 kwenye AC inataka karibu 70. Ukiipa 50 itanata, itazima, itanata tena, nawe utadhani umeuziwa rodi mbovu. Nimeona fundi akirudisha pakiti dukani, akapewa nyingine, nayo ikanata vilevile.

Pima tena jioni, watu wanapopika na kuwasha taa. Umeme wa 240 ukishuka hadi 200, zile 70 zako zinakuwa 58. Ndiyo maana mashine inaikubali 7018 asubuhi na kuikataa jioni. Kazi nzito zifanye mapema.

Ukitaka kuongeza volti, ongeza mizunguko kwenye koili ya kutolea. Mizunguko mingapi? Chukua waya mwembamba wenye plastiki, uzungushe mara moja tu kwenye kiini cha chuma cha transfoma, pima ncha zake mashine ikiwa imewashwa. Kiini cha sentimita 7 kwa 7 kitakupa volti 1.3 hivi. Basi kutoka 52 hadi 70 ni volti 18, yaani mizunguko 14.

Ila angalia haya. Endeleza kusuka upande uleule, la sivyo volti zitapungua badala ya kuongezeka. Waya wa nyongeza uwe na unene uleule. Kama wa zamani ni shaba nawe una aluminiamu, eneo lake liwe mara 1.6. Usivuke volti 80, kwa sababu kwenye jasho na sakafu yenye maji zinaweza kuua. Na ujue kwamba volti 70 mara ampea 150 ni 10,500. Gawa kwa 240, mashine inavuta karibu ampea 44 kutoka ukutani. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Mwite fundi umeme akuwekee laini yake na swichi yake ya kujikata, hata kama mpaka sasa umekuwa ukichomeka popote. Plagi iliyogeuka rangi ya kahawia imeshakuonya.

Hatua ya 3: Rodi

Kwa meza, geti zito au kitako cha mashine, 6013 ya milimita 3.2 kwa ampea 110 hadi 130 inatosha. Kwa presi na trela nataka 7018. Mshono wake unavutika kabla ya kukatika na hauna hidrojeni nyingi, ambayo ndiyo hupasua mshono.

Lakini hiyo hidrojeni ya chini ipo rodi ikiwa kavu tu. Pakiti iliyokaa wazi huku kwetu karibu na ziwa imeshanyonya unyevu, na ufa wake huja baadaye, pengine kesho yake, kazi ikiwa imeshapakwa rangi. Zikaushe kwa nyuzi 300 hadi 400 kwa saa moja au mbili, kama pakiti inavyosema. Jua halitoshi, kuziweka juu ya sigiri hakutoshi. Tafuta oveni ya karakana. 6013 usiipe joto hilo, nyuzi 100 hivi zinaitosha. 6011 usiikaushe kabisa, ganda lake linataka unyevu kidogo.

Chuma chenyewe kikiwa springi ya lori au reli, kina kaboni nyingi na hupasuka kando ya mshono. Kwa presi usikitumie.

Hatua ya 4: Andaa kingo

Kwa grainda, kata kingo kimshazari, nyuzi 30 kila upande, acha ukingo wa milimita 2 chini na nafasi ya milimita 2 hadi 3 katikati. Ondoa rangi na kutu mpaka chuma king'ae.

Hatua ya 5: Chomelea

Fanya kwanza jaribio la Hatua ya 6. Kisha shikiza pande zote mbili. Mshono wa chini kwa rodi ya 2.5, kisha jaza kwa 3.2, ukibadilisha pande ili kazi isipinde. Gamba litoke lote kabla ya mshono unaofuata.

Hatua ya 6: Vunja kipande cha majaribio

Fanya hili kabla ya kugusa kazi yenyewe. Chukua vipande viwili vya bamba lilelile, visimamishe kwa umbo la T, chomelea upande mmoja tu kwa rodi na ampea utakazotumia. Kikipoa, gonga kile cha wima kwa nyundo kubwa ili kilalie upande wa mshono, mpaka mshono uvunjike. Tazama pembeni mwa ndani. Ukiona ile kona ya bamba bado imenyooka, na alama za grainda bado zinaonekana, chuma hakikuyeyuka. Rodi ilipita juu tu. Ongeza ampea 10, fupisha moto, punguza mwendo, uchomelee kipande kingine. Kona ikiwa imeliwa, na chuma kilipovunjika kina rangi moja ya kijivu isiyo na matundu wala gamba jeusi, andika ampea hizo kwa chaki kwenye mashine na uanze fremu.