Jinsi ya Kuwatambua Minyoo Wadogo wa Mchanga wa Pwani: Maelezo kwa Wanafunzi wa Uganda

Mwanafunzi wa zoolojia aliyekulia Kampala au Jinja huenda hajawahi kuona maji yakipwa, kwa kuwa Ziwa Viktoria halijai na kupwa kama bahari. Kwa hiyo anayekwenda Mombasa kwa mafunzo ya vitendo atazame kwanza majedwali ya maji na achague siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo bahari hurudi mbali na kuacha wazi mchanga ambao siku nyingine haufikiwi.

Chota mchanga wa juu, kina cha sentimita 5 hivi. Minyoo hawa hung'ang'ania chembe za mchanga, na ukiwachekecha kwa nguvu hukatika. Mnyoo asiye na kichwa ni kazi bure. Walevye kwanza: yeyusha gramu 75 hivi za fuwele za kloridi ya magnesi katika lita 1 ya maji yasiyo na chumvi, mimina juu ya mchanga, ngoja dakika 10, kisha koroga taratibu na umimine maji ya juu kwenye chekeche laini.

Watazame kwa hadubini wangali hai, kwani rangi hupotea katika alkoholi. Anza na ubavu. Polikaeta, yaani minyoo wa baharini wenye pingili tunaowatafuta, wengi wao wana vijiguu vya nyama kila pingili, vyenye vishada vya nywele ngumu, ilhali jamaa zao wa tope la Entebbe wana nywele chache tu na hawana vijiguu. Asiye na pingili, anayejipinda kama mjeledi, ni nematodi, mnyoo wa kundi jingine, mweke kando.

Kichwa ndicho kinachoamua familia. Nereididae wana macho 4 na koromeo linalochomoka likiwa na taya 2. Glyceridae wana kichwa kilichochongoka chenye pete, na taya 4. Syllidae wana vipapasio 3, na nyuma ya koromeo huonekana, kupitia ngozi, kiungo cha misuli chenye umbo la pipa. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Spionidae wana vipapasio 2 virefu vinavyodondoka upesi, hivyo tafuta makovu yake. Capitellidae hawana chochote kichwani, nami niliwahi kumwandika mmoja wao kuwa nyungunyungu.

Ukishamchora, mhifadhi katika alkoholi ya asilimia 70, au 95 ikiwa DNA itachunguzwa. Lebo iandikwe kwa penseli na itumbukizwe ndani ya chupa, maana wino wa kalamu nyingi huyeyuka.