Acha kuukodolea macho mpira: jinsi ya kuangalia mechi hadi uielewe

Watu wengi huku kwetu wanajua mpira kwa maana ya kujua majina, nani kasajiliwa, nani kauzwa bei gani, ila ukimuuliza mtu baada ya mechi timu yake imefungwaje anakwambia beki kalala, basi, imeisha. Naandika hii kwa yule anayeupenda mpira kweli na anatamani aone kile ambacho kocha anakiona. Haihitaji kusomea, inahitaji macho yako na uvumilivu wa mechi tatu nne hivi.

Mimi nilifundishwa bandani, pale tunapolipia kuangalia mechi kwenye skrini, huku Kirumba, Mwanza. Nilikuwa kijana mdogo nimebanana kwenye benchi na mzee mmoja fundi wa injini za mitumbwi, katoka mwaloni, wanakoshushia samaki, moja kwa moja mikono bado ina grisi, mechi imefika kama dakika ya 60 hivi akaniinamia akaniuliza, "Ng'wanawane (yaani mwanangu), beki wao namba tatu, yule wa kushoto, yuko wapi sasa hivi?" Nikaangalia skrini nikakosa jibu. Saa nzima nimekaa pale na sijui beki yuko wapi. Akasema, "Wewe huangalii mechi, unaangalia mpira." Dakika chache baadaye krosi ikapigwa kutoka upande uleule wa namba tatu aliyekuwa amepanda hajarudi, goli, banda zima linashangaa isipokuwa yeye. Tangu siku hiyo sijawahi kuangalia mechi kama zamani.

Sasa tuanze. Fika mapema na ukae nyuma, usigombee benchi la mbele. Ukikaa mbele unaona nyuso za wachezaji vizuri ila skrini inakuzidi, macho yanakimbia kushoto kulia yanafuata mpira tu, ukikaa nyuma picha nzima inaingia machoni kwa pamoja. Na uangalie na mwezi pia jamani, kipindi cha mbalamwezi wavuvi wa dagaa wako nchi kavu kwa sababu taa zao hazivuti dagaa mwezi ukiwaka, kwa hiyo banda linajaa saa nzima kabla ya mechi na utasimama mlangoni.

Kikosi kikitoka, na huwa kinatoka kama saa moja kabla, kiandike. Mimi naandika nyuma ya karatasi yoyote, kumi na moja wa huku na kumi na moja wa kule, halafu najiuliza maswali mawili tu: nani anacheza namba sita, yaani kiungo anayekaa mbele ya mabeki, na beki gani wa pembeni anapenda kupanda. Ukishajua hayo mawili umeshapata nusu ya mechi kabla kipyenga hakijapulizwa.

Namba sita ndiye wa kuanza naye. Dakika kumi za kwanza usiangalie mtu mwingine, mfuate yeye hata kama mpira uko mbali, angalia anageuza shingo mara ngapi kabla hajapokea pasi. Aliye mzuri anajua nyuma yake kuna nani kabla mpira haujamfika, ndiyo maana anagusa mara moja na umeshaondoka, aliye mbovu anapokea kwanza halafu ndo anaanza kutafuta, na hapo ndipo anaporwa mpira na kaunta, shambulizi la kushtukiza, inaanza. Ukitaka kujua uzito wa huyu mtu mkumbuke Rodri, namba sita wa Manchester City. Manchester City walichukua ubingwa wa Uingereza mara nne mfululizo hadi 2024, Septemba mwaka huohuo Rodri akaumia goti kwenye mechi na Arsenal, na kuanzia mwisho wa Oktoba City wakacheza mechi 13 wakashinda 1 tu. Haaland yupo, Foden yupo, ila katikati pamekuwa njia ya kila mtu. Huyo Rodri ndiye aliyepewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, Oktoba 2024 akiwa na magongo, na kuna watu hapa mtaani walikasirika wakasema mbona hafungi. Walikuwa wanaangalia mpira.

Baada ya namba sita nenda kwa straika wakati timu yake HAINA mpira. Hili watu hawalifanyi kabisa, straika kwao ni magoli. Kaitafute tena fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2025 kule Munich, PSG waliwafunga Inter 5-0, Dembélé, straika wa PSG, hakufunga hata moja na bado kwangu mimi ndiye aliyeiua ile mechi. Kila mara Sommer, kipa wa Inter, anapotaka kuanzisha mpira, Dembélé amesimama mpakani mwa boksi, ameinama, mikono kama mtu anayesubiri kuanza mbio, macho kwa Sommer tu, kipa anaogopa kumpasia beki wake wa karibu, anapiga mrefu, mpira unarudi kwa PSG. Hiyo ndo presingi, siyo kukimbia kimbia tu, ni kumnyima mtu pasi anayoitaka. Baadaye mwaka ule Ballon d'Or ikaenda kwake na safari hii mimi sikushangaa.

Halafu kuna kukaa mgongoni kwa beki. Hii angalia kwa straika Fiston Mayele. Alipokuwa Yanga msimu wa 2022/23 alimaliza mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa magoli 7, na watu waliishia kucheza ile shangwe yake ya kutetema, mimi nawaambia rudini mumwangalie sekunde tano kabla ya goli. Hasimami mbele ya beki, anasimama pale ambapo beki ili amwone ni lazima aupe mpira kisogo, sasa beki gani atafanya hivyo krosi ikiwa inakuja? Kazi ileile kaenda nayo Pyramids ya Misri, Juni 2025 kafunga kwenye marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns na kombe wakalichukua. Kwa hiyo krosi ikiwa inaandaliwa, toa macho kwa anayepiga, yapeleke ndani ya boksi, mtafute straika, angalia beki anamwona au anamkaba kwa hisia.

Mabeki wa pembeni sasa, ambao kwangu mimi ndo mpira wa leo ulipo. Zamani namba mbili kazi yake kukaba winga basi, leo Hakimi wa Morocco ni beki wa kulia ila muda mwingi yuko kwenye boksi la wapinzani. Na hili linaniuma maana lilitupata sisi wenyewe. Tarehe 4 Januari 2026, Rabat, Taifa Stars na Morocco hatua ya 16 bora ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza katika historia yetu kuvuka makundi, tumekaza sana siku ile, vijana walicheza bila woga na banda lilikuwa limenyamaza kama msibani kwa jinsi watu walivyokuwa wameshika roho. Dakika ya 64 Hakimi akapanda kulia akampa Brahim Díaz, Díaz akapiga kutoka pembeni kabisa, karibu na nguzo, 1-0 na ndo ikawa hivyo hadi mwisho. Watu walimlaumu kipa. Mimi nilishaanza kuhesabu tangu kipindi cha kwanza, kila Hakimi akipanda upande wetu wa kushoto tunabaki mmoja dhidi ya wawili, winga wetu hawezi kushambulia na kurudi kila mara dakika 90, mapafu yana mwisho. Ukiona hesabu hiyo mapema unajua goli litatokea upande gani, linaweza lisije, ila likija litapita hapo.

Namna ya kuhesabu ni rahisi. Timu ikishambulia, hesabu wangapi wamebaki nyuma. Wakiwa wawili na straika wa wapinzani ni mmoja wako salama, wakiwa wawili na huku kuna straika na winga mwenye mbio wamesimama nusu ya uwanja, jiandae. Fanya hivyo mara kumi kwenye mechi moja na utaanza kuona kaunta kabla haijaanza, utakuwa unanyanyuka kwenye benchi wakati wenzako bado wanaangalia kona ya timu yao. Kona zenyewe angalia jambo moja tu, nani kaachwa nje ya boksi kuokota mpira unaorudi, maana ukirudi kwenye miguu ya mpinzani asiye na mtu ndo mwanzo wa kufungwa.

Mapumziko usikimbilie nje mara moja. Angalia nani anapasha misuli, hapo kocha anakuonesha wasiwasi wake. Ikiwa timu inaongoza na anayepasha ni kiungo mkabaji ujue kuna sehemu ameona inavuja.

Dakika za lala salama nazo zina macho yake. Watu wakichoka hawakosei miguu kwanza, wanakosea kusimama. Mechi yetu na Uganda kwenye AFCON hiyohiyo Msuva katufungia penati dakika ya 59, tukaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, laini ya mabeki ikashuka hadi karibu na boksi letu, na ukishashuka hivyo unamwachia mpinzani kazi moja tu ya kumwaga krosi, Ikpeazu akapiga kichwa dakika ya 80, 1-1. Halafu Uganda wakakosa penati dakika za nyongeza, Mungu alitusimamia. Ukiona timu yako inaongoza angalia mabeki wamesimama wapi, usiangalie saa.

Na hapa kuna jambo la msimamo ambalo shabiki wa kweli lazima alijue. Kwenye mashindano kama AFCON ile, yenye makundi 6 ya timu nne nne, washindwa bora wanne wa nafasi ya tatu wanapita, na wanapangwa kwa pointi, kisha tofauti ya magoli, kisha magoli ya kufunga. Sisi tulimaliza na pointi 2, tulifungwa na Nigeria 2-1, sare 1-1 na Uganda, sare 1-1 na Tunisia ambapo Fei Toto ndiye alisawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili. Angola nao walikuwa na pointi 2, tofauti ya magoli sawa na yetu, hasi moja. Ila sisi tulifunga 3 wao 2. Yaani lile goli la M'Mombwa dhidi ya Nigeria, mechi tuliyopoteza, lilikuwa sehemu ya magoli matatu yaliyotuvusha, ukiliondoa hatupiti. Mimi siku ile nilikuwa na karatasi yangu nimeandika magoli ya kila timu ya tatu na tuliposawazisha dhidi ya Tunisia nikajua tumebakiza nini. Kwa hiyo timu yako ikiwa nyuma usiondoke bandani kwa hasira, goli moja la dakika ya 90 linaweza kukusafirisha. Kombe la Dunia la 2026 kule Marekani, Kanada na Mexico hesabu ni hiyohiyo ila kubwa zaidi, timu 48, makundi 12, na wa tatu bora 8 wanapita.

Ukishazoea kwenye skrini nenda uwanjani, na hapa siombi, nasisitiza. Kamera inafuata mpira kwa hiyo hata ukijitahidi vipi kuna watu wanne watano huwaoni, beki wa upande wa pili huwezi kumwona kabisa. Mwanza tuna uwanja wa CCM Kirumba, na tuna timu yetu Pamba Jiji, TP Lindanda, Wana Kawekamo, mabingwa wa nchi mwaka 1990, ambao walikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka ishirini hadi waliporudi msimu wa 2024/25. Kuna watu wazima niliwaona wanalia siku ile ya kurudi na sikuwashangaa. Simba na Yanga wakija kila mtu anaenda, ila kwa kujifunza mimi nakushauri nenda siku ya mechi ndogo, jukwaa lina nafasi, panda juu kabisa usawa wa katikati, hapo uwanja unauona kama sahani.

Fika wakati wanapasha. Kila mchezaji anapiga mipira na mguu gani, kipa anadaka krosi au anazipiga ngumi, winga anamtania nani, yote yanaonekana na hakuna televisheni inayokuonesha. Halafu mechi ikianza fanya zoezi ambalo yule fundi alinipa, mpira ukiwa kulia wewe angalia kushoto. Mwanzoni shingo inauma, unasikia watu wanapiga kelele unatamani kugeuka, jizuie. Utamwona winga wa mbali ananyanyua mkono kuomba pasi hapewi, utamwona beki wake anavuta pumzi mikono magotini akidhani hakuna anayemwona, utamwona namba sita anaelekeza wenzake kwa kidole waende wapi. Na pasi ndefu ikipigwa kutoka kulia kwenda kushoto, jukwaa zima linageuza vichwa, wewe macho yako tayari yako pale inapoangukia.