Somo: kutumia seva moja ya majaribio bila kugombana

Wasee, timu nyingi hapa Nairobi zina seva moja tu ya majaribio na watu kibao wanaing'ang'ania, fujo inaanza juu hakuna anayejua mwenzake anafanya nini.

1. Ukiingia usiguse kitu kwanza. Piga amri ya w uone nani yuko ndani, halafu sudo ss -tlnp (sudo ni ruhusa ya msimamizi) uone poti zilizoshikwa, yaani namba ambazo programu husikilizia. Kama 8080 ina mtu usimzimie eti hashiki simu, hamia nyingine, poti ziko zaidi ya elfu sitini jamani.

2. Hii ndiyo kubwa. Jiandikishe kwenye /etc/motd, ile faili Linux humwonyesha kila mtu akiingia (kuiandika unahitaji sudo). Wengine hutumia grupu ya WhatsApp, mimi sipendi, nani atarudi juu kutafuta meseji ya jana? Mstari mmoja unatosha:

8081, jina lako, najaribu risiti, mpaka 16:00, databesi msiguse

Andika 16:00, usiandike saa kumi, kuna mtu ataisoma 10. Tena piga date uone seva inafuata majira gani, nyingi ziko UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko saa tatu mbele, kwa hivyo cron (kazi inayojiendesha kwa saa uliyopanga) ya 20:00 itaamka 23:00 yetu na utashinda ukiilaumu bure.

3. Kabla ya kuiwasha seva upya toa onyo: sudo shutdown -r +10 "okoeni kazi". Walio ndani wataliona, na wakipiga kelele unafuta na sudo shutdown -c.

4. Ukimaliza zima ulichowasha, futa mstari wako, cheki nafasi ya diski kwa df -h.

MASWALI

Mkuu, na mtu akienda lanchi asirudi na mstari wake bado uko?
– Muda alioandika ukipita poti ni yako. Simamisha programu yake tu, mafaili yake usifute, na uandike kwamba ni wewe umesimamisha.

Naweza kupakia data ya wateja nijaribu haraka haraka?
– Zii. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hapo kila mtu ana sudo. Tunga majina na namba za uongo.

Boss, sisi wote tunatumia shotikodi (namba ya biashara) 174379 ya majaribio ya Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom, majibu ya M-Pesa hayatachanganyikana?
– Kwa STK Push (ombi la malipo linalomtokea mteja kwenye simu) hapana, CallBackURL, yaani anwani ya kupokea majibu, inatumwa na kila ombi, kwa hivyo kila mmoja aweke anwani yake, na aiandike pia kwenye mstari wake. C2B (mteja anapolipa mwenyewe) ndiyo mtego, URL yake inasajiliwa kwa shotikodi, hapo mpeane zamu.