Kalamu ya Tete: Jinsi ya Kulichora Ziwa kwa Kumfuata Van Gogh

Wengi wanaovutiwa na Vincent van Gogh huanza kumwiga kwa kupaka mizunguko ya bluu na manjano angani, na baada ya saa mbili huwa wamepata picha inayofanana na kitambaa cha meza. Tatizo haliko mkononi mwao bali mahali walipoanzia. Mtindo wa mchoraji hutokana na kifaa alichokishika na maamuzi aliyoyarudia kila siku, kwa hiyo anayetaka kuufuata aanze na kifaa hicho. Kwa sisi wa Kisumu jambo hili ni jepesi kuliko tunavyodhani, kwa sababu Mholanzi huyo, alipohamia Arles kusini mwa Ufaransa mwaka 1888, alichora kwa kalamu alizozichonga kutokana na matete, na matete tunayo tele kando ya ziwa.

Kwanza tofautisha tete na funjo. Mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo na kuyasukia mikeka, yana shina la pembe tatu lililojaa nyama laini kama sponji, na hayachongeki kalamu hata kidogo. Tete, yaani odundu, lina shina la mviringo lenye uwazi ndani na vifundo kama vya mwanzi. Usiingie mwenyewe kwenye kinamasi cha Dunga kulikata, maana viboko hawabagui wasanii na wengine. Nunua vipande vichache kwa wanaoyakata kwa ajili ya kujengea ua. Mara yangu ya kwanza nilichagua tete la kijani kwa kuwa lilikuwa limenyooka vizuri, na mzee aliyekuwa akiyafunga mafungu akaniangalia, akasema, “Mwanangu, hilo bado linakunywa maji.” Sikumsikiliza. Kalamu niliyoichonga ililainika ncha kabla sijamaliza ukurasa mmoja. Chukua lililokauka likawa na rangi ya majani makavu, kisha uliweke kivulini wiki mbili zaidi.

Kata kipande cha sentimita 20 hivi, chenye unene wa kidole kidogo cha mkono, na uache kifundo kimoja upande wa juu ili kalamu isipasuke yote. Kwa kisu kikali chonga ncha kwa mshazari wa sentimita 3, kisha ukwangue utando mweupe ulio ndani, kwa kuwa ndio unaofyonza wino na kuuachia ghafla kwa matone. Punguza mabega pande zote mbili hadi ubaki ulimi wenye upana wa milimita 2 au 3, na uupasue katikati kwa mpasuko usiozidi sentimita moja. Mwisho, laza ulimi juu ya ubao mgumu na uikate ncha kwa pigo moja. Ukisuasua, nyuzi zitachomoza na kila mstari utakuwa na ndevu. Chonga kalamu tatu za unene tofauti.

Wino mweusi usiopauka, ule unaouzwa kwa wachoraji, ndio bora. Anayependa kujitengenezea aweza kusaga masizi ya koroboi kwa matone machache ya spiriti, kwani masizi makavu huelea tu juu ya maji, kisha aongeze gundi ya mgunga iliyoyeyushwa katika maji ya moto. Uepuke wino wa chupa wa kalamu za shule. Mchoro wangu mmoja niliouchora kwa wino huo na kuuning'iniza karibu na dirisha uligeuka rangi ya chai ya rangi baada ya miezi michache. Michoro mingi ya Van Gogh nayo, ambayo tumezoea kuiona ya kahawia, haikuwa ya kahawia alipoichora. Wino wake ulipauka.

Sasa chovya na uvute mstari mrefu. Utaona wino unakwisha baada ya sentimita chache, kwa sababu tete halihifadhi wino kama kalamu ya chuma, na mstari unaoanza mweusi na mnene humalizika mkavu na wenye mikwaruzo. Hapa ndipo penye kiini cha mtindo ule: kifaa kinamlazimisha mchoraji atumie alama fupi, yaani nukta, vistari, vijipinde na mabua yaliyosimama, na kila alama lazima iamuliwe kabla ya kuchovya tena. Jaza ukurasa mzima kwa alama hizo pekee, bila kuchora kitu chochote, hadi mkono uzizoee.

Kisha nakili, lakini usinakili picha nzima. Tafuta nakala nzuri ya mmoja wa michoro aliyoifanya kwenye kilima cha Montmajour, karibu na Arles, kiangazi cha 1888, uifunike kwa karatasi yenye dirisha la sentimita 5 kwa 5, na uchore kinachoonekana dirishani tu, kwa ukubwa mara mbili. Anza kwa penseli hafifu, kama alivyofanya yeye. Kunakili si aibu: mwaka 1887 alinakili kwa rangi za mafuta picha za Hiroshige wa Japani, na baadaye akiwa hospitalini Saint-Rémy alinakili kazi za Millet, mchoraji wa Ufaransa. Kisheria pia hapana tatizo, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya Kenya huilinda kazi ya sanaa kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki msanii, naye alifariki 1890. Kwa msanii aliye hai mambo ni tofauti; nakili upate kujifunza, lakini usiuze nakala hiyo.

Baada ya hapo nenda Dunga asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kupeperusha karatasi, na uipe kila sehemu ya mandhari alama yake. Magugu maji yaliyo karibu nawe yachore kwa vijipinde vinene vinavyopandana. Yanavyokwenda mbali, yageuze kuwa vistari, halafu nukta zinazozidi kuwa ndogo na kuachana. Maji tulivu yanahitaji vistari vichache sana vya kulala, na hapa wengi huharibu kwa kujaza. Mtumbwi uchore kwa kalamu nene, mstari mmoja kwa kila ubao. Anga iache nyeupe. Katika baadhi ya michoro ya Montmajour anga ni karatasi tupu, na uwanda ulio chini unaonekana mpana zaidi kwa sababu hiyo.

Rangi zije mwisho, nazo zipake nyumbani. Millet alimfikia Van Gogh kwa nakala zisizo na rangi, ikabidi azitungie rangi mwenyewe. Nawe fanya hivyo kwa mchoro wako, bila kuangalia picha ya simu. Akriliki yatosha na hukauka upesi kuliko mafuta. Chagua jozi moja ya rangi zinazopingana, kwa mfano bluu na rangi ya chungwa, na uziweke bega kwa bega bila kuzikoroga pamoja, kwani zikichanganyika hufifia kuwa kijivu. Fuata mwelekeo wa alama ulizozichora kwa tete: palipokuwa na kijipinde, brashi nayo ipinde. Rangi iwe nzito kiasi cha kuacha mfereji wa nywele za brashi, na kila pigo lililokwisha kuwekwa liachwe lilivyo, hata kama ubavu wa mtumbwi umepinda kidogo. Osha brashi papo hapo kwa maji, maana akriliki ikishakaukia kwenye nywele haitoki tena.