Namna ya kumfuatilia G-Man katika Half-Life

G-Man ni mtu wa ajabu mwenye suti katika gemu za Half-Life, ambazo unacheza kama mwanasayansi Gordon Freeman. Anza na Half-Life ya 1998. Ukirukia ya pili ya 2004 kwa uzuri wa picha, hutajua anayemwamsha Freeman ni nani wala anamdai nini. Kompyuta ya mtumba ya Mwanjelwa yenye RAM ya GB 4 inazimudu zote mbili. Zipakue kwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, ukiwa na bando, ifungue kila moja mara moja, kisha zima mtandao.

Kwenye treni ya mwanzo usisinzie: tembea ndani ya behewa, angalia madirishani, utamwona G-Man kwenye behewa jingine, suti na mkoba. Ukishafika maabara, kabla ya jaribio, yumo nyuma ya kioo akibishana na mwanasayansi. Hapo kaa. Katika Episode Two, nyongeza ya Half-Life 2, mwanasayansi Eli Vance atafichua kwamba huyu ndiye aliyeleta fuwele iliyosababisha maafa, na mabishano yale utayaona kwa jicho jingine kabisa.

Baada ya ajali, kila ukiingia ukumbi mpya tazama juu kwanza. Hupenda kusimama mahali usipofika, kisha hujiondokea. Kumpiga risasi ni kupoteza risasi, zinadunda tu. Bonyeza F6 (kusevu haraka) kabla ya kufungua mlango: ukimkosa unarudia, na umeme ukikatika hupotezi kitu. Ukitaka kuingia chumba kile cha nyuma ya kioo, washa gemu kwa -console (kisanduku cha kuandikia amri), andika sv_cheats 1, halafu map c1a0, mwisho noclip, inayokupitisha ukutani. Ukianza na map, noclip inaweza kugoma.

Mwishoni anakupa kazi. Sevu akiwa bado anaongea. Ukiingia kwenye mwanga umekubali, na Half-Life 2 inaendelea kutoka hapo. Ukibaki ndani ya treni anakutupa mbele ya jeshi la viumbe bila silaha. Ona yote mawili.

Kwenye Half-Life 2 washa maandishi ya mazungumzo, maana anakata maneno na kuvuta pumzi pasipotarajiwa, Kiingereza chake kinaponyoka. Kitufe cha Z huvuta picha karibu. Katika Highway 17 kuna darubini iliyosimikwa: chungulia, utamkuta na Kanali Odessa Cubbage.

Half-Life: Alyx ya 2020 inahitaji miwani ya VR. Kama huna, tazama video ya mwisho wake, ila umalize Episode Two kwanza, kwa sababu G-Man anaubadilisha mwisho ule.