Namna ya Kupima Sera za Uchumi kwa Kipato cha Mtu wa Katikati

Diwani, mwandishi wa habari au mjumbe wa bodi ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) anapoelezwa kwamba kipato cha wananchi kimepanda, aulize kwanza kama takwimu hiyo ni wastani au ni kiwango cha katikati. Wastani hupatikana kwa kujumlisha mapato yote na kuyagawanya kwa idadi ya watu. Kiwango cha katikati hupatikana kwa kuwapanga watu kuanzia mwenye kipato kidogo hadi mwenye kikubwa, kisha kusoma kipato cha yule aliye katikati ya mstari. Walio katikati wakiwa wawili, mapato yao hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili.

Kwa sisi wa Arusha mfano hauko mbali. Juni 2020, mchimbaji Saniniu Laizer wa Simanjiro aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.74. Tuchukulie kijiji cha watu wazima 1,000, kila mmoja akipata shilingi milioni 3 kwa mwaka, kisha mmoja wao akapata fedha kama hizo. Wastani wa kijiji utaruka hadi takribani milioni 10.7, ilhali kipato cha katikati kitabaki milioni 3 ileile. Halmashauri itakayopanga ushuru kwa kutazama wastani huo itawatoza watu 999 kwa bahati ya mwenzao.

Hata kipimo ambacho Benki ya Dunia ilikitumia Julai 2020 kuiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini ni wastani, yaani pato la taifa kwa kila mtu. Kinafaa kulinganisha nchi na nchi. Hali ya kaya iliyo katikati hakiielezi.

Ukishapata takwimu zote mbili, ziweke pamoja, kwa maana pengo lake ndilo linaloonyesha jinsi mali ilivyorundikana juu. Nchini Marekani mwaka 2022 wastani wa utajiri halisi wa familia, yaani mali ukiondoa madeni, ulikuwa zaidi ya dola milioni 1, wakati familia ya katikati ilikuwa na dola 192,900. Unapolinganisha miaka, ondoa kwanza athari ya mfumuko wa bei na uzingatie ukubwa wa kaya. Kwa wakulima wa kahawa wa Moshi, ambao fedha huwafikia kwa msimu, matumizi ya mwaka mzima huaminika kuliko mapato ya mwezi mmoja.

Hapa pana mtego ambao watetezi wa kipimo cha katikati huupita haraka mno. Ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) inaweza kuinua kaya maskini kabisa bila kukisogeza kiwango cha katikati hata kidogo, iwapo kaya hizo zinabaki katika nusu ya chini ya mstari. Kuihukumu sera hiyo kwa kipimo hicho ni kuionea. Itazamwe kaya ya 10 kutoka chini katika kila 100. Vilevile, aliye katikati leo huenda siye aliyekuwa hapo miaka mitano iliyopita. Anayetaka kujua waliopanda na walioshuka atumie tafiti zinazozirudia kaya zilezile, kama ule ulioanzishwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mwaka 2008.