Chora ngazi za nishati kabla ya kutengeneza OLED

Wengi wanaoanza kutengeneza OLED (diodi ya dutu za ogani inayotoa mwanga) hutanguliza swali la rangi. Anza na mchoro wa ngazi za nishati, kwa sababu dutu inayong'aa sana ikiwa peke yake inaweza kufifia kabisa ndani ya kifaa kama chaji hazifiki. Tutumie kifaa cha kujifunzia, tabaka kwa tabaka: ITO (oksidi ya indiamu na bati, elektrodi chanya au anodi), NPB (dutu ya ogani inayopitisha chaji chanya), Alq3 (dutu ya ogani inayopitisha elektroni na kutoa mwanga), LiF (floridi ya lithiamu), kisha aluminiamu (elektrodi hasi). Asili yake ni diodi ya tabaka mbili ya Ching Tang na Steven VanSlyke wa Kodak, iliyochapishwa mwaka 1987, ikiwaka kwa chini ya volti 10.

Hatua ya 1. Chora mstari mlalo juu ya karatasi. Huo ni usawa wa ombwe, yaani sifuri. Kila ngazi ipime kwenda chini kutoka hapo, kwa elektronivolti (eV). Elektroni hupita kwenye LUMO, ngazi tupu ya chini kabisa. Mashimo, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, hupita kwenye HOMO, ngazi iliyojaa ya juu kabisa.

Hatua ya 2. Jaza namba. Kwa makadirio (penye namba mbili, LUMO kwanza kisha HOMO): ITO 4.8, NPB 2.4 na 5.4, Alq3 3.0 na 5.7, aluminiamu 4.3. Kuwa makini na LUMO za kwenye majedwali. Nyingi zimekokotolewa kutoka HOMO kwa kutumia pengo la ufyonzaji wa mwanga, na hesabu hiyo huacha nje nishati inayofunga elektroni na shimo pamoja. Matokeo yake LUMO huonekana iko chini kuliko ilivyo.

Hatua ya 3. Tafuta vizingiti. Elektroni hupata kazi kupanda. Mashimo hupata kazi kushuka. Kutoka ITO hadi NPB shimo linashuka 0.6 eV, ilhali joto la chumba hutoa takriban 0.025 eV tu. Ndiyo maana ITO husafishwa kwa ozoni na mwanga wa urujuanimno: kizingiti hupungua. Upande wa pili, aluminiamu hadi Alq3 ni 1.3 eV, mlima mkubwa. LiF yenye unene wa nanomita 1 hivi huupunguza sana. Sasa tazama mpaka wa NPB na Alq3, hapo ndipo penye utamu. Elektroni hukuta ukuta wa 0.6 eV na kusimama, mashimo hukuta 0.3 eV na kupenya polepole. Kwa hiyo hukutana upande wa Alq3, karibu na mpaka, na mwanga wa kijani hutokea hapo.

Hatua ya 4. Linganisha kasi. Mashimo ndani ya NPB huenda kwa wepesi mara kumi au hata zaidi kuliko elektroni ndani ya Alq3. Ukizidi kulainisha njia ya mashimo, yatafurika, na Alq3 iliyobeba chaji chanya si imara: kifaa huchakaa mapema. Kizingiti kidogo upande wa anodi wakati mwingine ni faida, nami singekiondoa bila kupima.

Hatua ya 5. Pima. Tengeneza kifaa cha mashimo pekee (ITO, NPB, dhahabu) na cha elektroni pekee (aluminiamu, Alq3, LiF, aluminiamu). Chora mkondo dhidi ya volti kwa skeli za logi. Mwinuko wa 2 huashiria kwamba dutu yenyewe ndiyo inayoweka kikomo. Mwinuko mkali zaidi mara nyingi ni dalili ya mitego ya chaji. Mkondo ukiwa mdogo mno kuliko unavyotarajiwa kwa dutu hiyo, rudi kwenye elektrodi kabla ya kubadilisha dutu.